Grisi kwenye Kiganja cha Bibi

Basi lilipotushusha Somanga, utingo alinikabidhi begi langu. Nilidhani atapiga ubavu wa basi na kudandia kama kawaida yao, lakini alizunguka nyuma, akachuchumaa kwenye gurudumu la mwisho na kuligusa katikati kwa mgongo wa mkono. Taratibu, kama mtu anavyompima mtoto homa. Akainuka, akajipangusa, akampigia dereva mluzi, wakaondoka. Mimi nikabaki pembeni ya lami, begi miguuni, wachuuzi wananiita, "Dada, pweza wa leo huyu, dada!" Nilishikwa na kicheko ambacho kilikuwa kinataka kugeuka kilio. Miaka mingi sikuwa nimemwona mtu akifanya vile.

Nilikuwa njiani kwenda Lindi kwenye usaili wa kazi, Jumatatu. Unanijua. Kabla basi halijavuka Rufiji nilikuwa nimeshajibu maswali yote ambayo hayajaulizwa, nimeikosa kazi, nimeipata, nimeikosa tena. Nikasema nishuke nyumbani kwa Bibi siku mbili, nipumzishe kichwa. Bibi mwenyewe hayupo, huu ni mwaka wa pili. Lakini nyumba ipo, na karavani ipo nyuma ya nyumba, na nilipomwona yule utingo amechuchumaa, nilijua nitakachofanya kabla hata sijaokota begi.

Ngoja nikueleze habari za karavani, maana sidhani kama niliwahi kukusimulia vizuri.

Lami ilipokuwa inajengwa kwetu, Bibi aliwapikia wajenzi kambini. Kazi ilipoisha kambi ikavunjwa. Mitambo ikapakiwa, mabati yakang'olewa, ikabaki nyumba moja ndogo ya kuvutwa na gari, ya magurudumu mawili, ambamo msimamizi mmoja mgeni alikuwa akilala. Ilikuwa kuukuu tangu hapo. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Waliona kuikokota mpaka Dar ni hasara, wakamwachia Bibi iwe asante yao. Ila fundi wa kambi, mtu mkimya aliyependa sana mbaazi za nazi, hakukubali kumwachia mtu kitu asichojua kukitunza. Alikaa naye siku mbili chini pale na jeki na spana, akamfundisha kufungua gurudumu, kutoa beringi, kuzisafisha, kuzijaza grisi na kuzirudisha. Bibi alipenda kurudia maneno yake: "Godoro likioza utalala kwenye mkeka. Beringi ikifa huna nyumba tena, una banda la kuku."

Bibi aling'oa vitanda, akaingiza majiko mawili ya mkaa na meza, na dirisha la ubavuni likawa la kuuzia. Karibu mwaka mzima karavani ilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakitaga chini yake. Ilikuwa ikisubiri korosho.

Ghala la korosho lilikuwa kusini kwetu. Ukishapita Nangurukuru unaacha lami na kuingia ndani kwa njia ya vumbi. Msimu ukifunguliwa wakulima walimiminika pale na magunia, kwa baiskeli, kwa bodaboda, wengine kichwani, wakapanga foleni ya mizani tangu asubuhi. Mtu anayengoja lazima ale, ndiyo maana kina mama wa vijiji vyote vya jirani walikwenda kupika. Na walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote. Siku ya ufunguzi, mwanamke anayetangulia kupanga mafiga yake matatu mahali na kuwasha moto, mahali pale ni pake mpaka msimu uishe. Akiugua wiki nzima, mafiga yake hayaguswi. Sasa Bibi hakuwa na mafiga, alikuwa na matairi. Mwaka wa kwanza palikuwa na ubishi mkubwa, wengine wakisema mwenye matairi ni mpita njia. Mwisho walikubaliana kwamba magurudumu ya Bibi yatahesabiwa kuwa mafiga, mradi yawe yamesimama pale kabla gunia la kwanza halijapanda mizani. Likishapanda, atakaa popote patakapobaki.

Miaka mitatu mfululizo Bibi aliwahi mahali pazuri kuliko pote, kando ya mizani, chini ya upenu wa ghala. Hakuna mkulima aliyeweza kupima korosho zake bila kusikia harufu ya mbaazi za Bibi.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini siku ya beringi, kwetu, ilikuwa karibu sawa na sikukuu. Mabibo ya mikorosho yakianza kudondoka na hewa yote kunukia ule utamu wao mkali, Bibi alisema, "Mke mwenzangu, kesho hatuendi popote." Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na ilinifanya nijione mtu mzima.

Alijifunga kanga ya zamani iliyotobolewa na cheche, akaweka jeki, akainua upande mmoja. Kwanza aliligeuza gurudumu kwa mkono, akasikiliza. Wakati huo kila mtu alinyamaza, na kuku walifukuzwa. Likizunguka kwa sauti ya kanga inayoburutwa sakafuni, hapana neno. Likiguna kama mtu aliyetafuna mchanga wa dagaa, ipo kazi. Kisha aling'oa kofia ya chuma iliyo katikati, akanyoosha kile kipini cha waya kinachozuia nati isijifungue, akafungua nati, na gurudumu lote likamjia mapajani kama mtoto mzito. Beringi zilitoka zimejaa grisi kuukuu, nyeusi kama masizi.

Hapo kazi ikawa yangu. Niliziosha kwa mafuta ya taa ndani ya kopo, kwa mswaki uliochakaa, mpaka zile rola ndogo zilizopangana duara zikang'aa. Nilizipanga kwenye ungo, juu ya kitambaa, zikauke juani. Nilikatazwa kitu kimoja tu: nisizizungushe zikiwa kavu. Na mtoto gani ataona beringi safi asitake kuizungusha? "Kinu kitupu hakitwangwi," Bibi alisema kila mwaka, kabla sijanyoosha kidole.

Zikishakauka alizikagua moja moja kwenye mwanga. Halafu alichota grisi mpya, ya rangi ya asali nzito, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto. Kwa mkono wa kulia aliishika beringi na kuigandamiza-gandamiza juu ya kiganja, ukingo wake ukiikata grisi, tena na tena, mpaka grisi ikajitokeza upande wa pili katikati ya rola, kama tui linavyotoka kwenye kifumbu. "Isiyotokea upande wa pili haijaingia," alisema. "Ni kama kumwaga samli juu ya mkate." Alifanya hivyo polepole, akizunguka beringi nzima, huku akiongea habari za watu.

Kazi ya mwisho ilikuwa kukaza nati, na Bibi alizungumza habari za nati kana kwamba ni binadamu. "Unamkaza huku unazungusha gurudumu, mpaka akatae. Akishakataa, unamrudishia pumzi." Alilegeza kidogo sana, upana wa punje ya mtama, akapitisha kipini na kukunja miguu miwili ya kipini hicho, mmoja juu, mmoja chini, kama masharubu. Akagongea kofia. Basi.

Mwenye gari la kutuvuta alikuwa jirani yetu, na jirani alikuwa mtani wa Bibi tangu kwa mababu zao. Siku ya beringi hakukosa kuja, ila kusaidia ndiyo hakusaidia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akala vitumbua vyetu bila kukaribishwa, kama mtani anavyoruhusiwa, akasema, "Nimeona wanawake wanaonukia udi, wanaonukia asmini. Huyu wangu ananukia gereji. Ndiyo maana ulibaki mjane."

"Na gari lako linanukia mke aliyekimbia," Bibi akamjibu bila kuinua kichwa. "Toa mkono kwenye sahani."

Mwaka ninaotaka kukusimulia nilikuwa darasa la nne. Wiki chache kabla ya msimu, lori moja lilichomokwa na gurudumu pale pale Somanga. Nililiona kwa macho yangu. Gurudumu lilipita katikati ya meza za samaki peke yake, likaruka mtaro, likaendelea shambani kama mtu anayejua aendako. Hakuna aliyeumia, na watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kila nilipofumba macho niliona magurudumu ya Bibi yanaondoka, moja mashariki moja magharibi, na mbaazi zinamwagika barabarani.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, Bibi alikwenda kununua mkaa. Karavani ilikuwa tayari. Nilikwenda nikashika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili, juu na chini, nikalitikisa. Lilicheza. Kidogo tu, unaweza kulihisi kuliko kuliona, lakini lilicheza. Nikasema, Bibi amezeeka, amesahau kukaza. Hiyo pumzi aliyomrudishia imezidi.

Nilichukua koleo, nikang'oa kofia, nikachomoa kipini. Nikaweka spana kubwa kwenye nati na kuning'inia. Nati ilipokataa, nilipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, nimeshika ukingo wa dirisha, nikaruka. Mara moja. Kisha mara ya pili, kwa usalama. Nikarudisha kipini, nikagonga kofia kwa jiwe. Nilitikisa tena gurudumu, likawa kimya kama ukuta. Sikuwahi kulala usingizi mtamu kama siku ile.

Tuliondoka alfajiri baada ya swala. Mwalimu wangu alikuwa amenipa ruhusa ya siku moja, kwa sharti nimletee ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, ambayo Bibi alijua inakochimbwa. Sisi watatu tulibanana mbele ya pikapu, nami katikati. Karavani ilitufuata nyuma, masufuria yakizungumza ndani yake. Nilikuwa na furaha.

Bibi alikuwa na desturi ya kusimamisha gari kila baada ya mwendo kidogo, ashuke apime. Mara ya kwanza jirani alilalamika. "Tunakwenda ufunguzi au tunatembelea wagonjwa?" Bibi akashuka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akiinama kulia, mgongo wa mkono, akaridhika. Akazunguka kushoto. Akainama. Mkono ukarudi nyuma kwa kasi, kama mtu aliyegusa kikaango.

Nilisikia harufu kabla sijashuka. Ukishaisikia harufu ya grisi inayoungua huisahau: nzito, tamu kwa mbali, inakaa kooni. Bibi alidondosha mate pale katikati ya gurudumu, yakachemka na kutoweka.

"Jua tu hilo," jirani alisema, ingawa jua lilikuwa halijatoka vizuri. "Twende. Pale tumekaribia."

"Tukienda, tutafika na gurudumu moja."

"Basi nimwagie maji lipoe."

"Umwagie maji chuma cha moto? Hata sahani ya udongo haifanyiwi hivyo. Kaa mbali na karavani yangu."

Ilibidi tungoje lipoe lenyewe. Rafiki yangu, sijui kama umewahi kungoja chuma kipoe huku unajua wewe ndiye uliyekitia moto. Nilikaa kwenye nyasi zenye umande nikitazama gurudumu lile. Jua likapanda. Magari yakaanza kupita, na mojawapo lilikuwa limejaa kina mama wa ghalani na mafiga yao. Walitupungia mikono, wakapiga vigelegele vya kejeli.

"Bibi wa matairi! Tukuwekee nafasi?"

"Nafasi yangu haiwekwi, inakaliwa!" Bibi aliwajibu kwa sauti ya nguvu. Lakini walipopita nilimwona akitazama njia kwa muda, ameshika kiuno.

Kisha alisema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unapata moto. Alimwambia jirani, polepole, "Nadhani nimezeeka kweli. Nimemkaza kupita kiasi." Na jirani, ambaye kwa utani wao angeweza kumcheka wiki nzima, hakusema kitu. Alitazama pembeni. Ukiona mtani amekosa neno, ujue aibu imekuwa kubwa.

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Maneno hayakutoka.

Gurudumu lilipopoa kiasi cha kushikika Bibi alipiga jeki, akang'oa kofia. Akatulia. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikaona anachokiona. Kipini. Miguu yake yote miwili ilikuwa imekunjwa upande mmoja, imepinda ovyo, kama miguu ya panzi aliyekanyagwa. Masharubu hayapo.

Hakugeuka. Alikinyoosha kile kipini bila haraka. "Mke mwenzangu," alisema, "lete mafuta ya taa."

Nilileta. Nati ilivyokuwa imekaza, alimwita jirani amsaidie kuifungua. Jirani akaguna, "Eh! Hapa uliweka nguvu za mume." Beringi ya nje ilikuwa imegeuka rangi, ya samawati kama moshi. Alikuwa na nyingine ya akiba, imefungwa kwenye kipande cha kanga ndani ya kopo la unga, akaitoa. Ile ya ndani aliikagua sana, akaiosha, akasema bado inaishi. Akachota grisi. Halafu alichukua mkono wangu, akaukunjua, akaibandika grisi kwenye kiganja changu. Ilikuwa baridi na laini. Sikuwahi kuruhusiwa.

"Mpaka itokee upande wa pili," alisema.

Nilisukuma beringi kwenye grisi, nikaijaza yote. Tulipomaliza kurudisha gurudumu alinipa spana. "Kaza." Nikakaza huku yeye akilizungusha. "Amekataa?" Nikasema amekataa. "Sasa mrudishie pumzi." Nikalegeza. Akanishika mikono, akaiweka juu na chini ya gurudumu. "Tikisa." Likacheza, kidogo sana, vilevile kama jana yake. "Umesikia? Huko si kulegea. Chuma kikipata moto kinavimba. Hapo ndipo pa kuvimbia." Akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Usiponiuliza, nitajuaje unachoogopa?"

"Nilidhani umesahau," nikasema, na kilio kikaja, cha kamasi na kwikwi.

Jirani alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Uso wake ukafunguka kama dirisha. "Aaah! Kumbe fundi ni huyu! Nikasema, hivi ajuza huyu atoe wapi nguvu hizo?" Akacheka mpaka akashikilia bodi ya gari, na nadhani alicheka zaidi kwa kurudishiwa mtani wake. Bibi alinivuta sikio, kuvuta kwa kuuma kweli, akasema kila sufuria litakaloungua msimu ule nitalisugua mimi. Kisha akapitisha kipini na kukunja masharubu.

Hatukuwahi. Tulipoingia uwanja wa ghala magunia yalikuwa yanapita mizani kama hakuna kesho, na kando ya mizani, chini ya upenu wetu, mama mmoja mwenye sauti kali alikuwa ameshawasha moto na anageuza chapati. Alituona, akatabasamu mpaka meno ya nyuma. Sheria ni sheria. Tulipata mahali nyuma ya ghala, karibu na lundo la mabibo yaliyooza, nzi wengi, wateja wetu wakiwa wabeba magunia waliokuja kujinyoosha.

Ningependa kukwambia kwamba palikuwa bora kuliko kwa mizani. Hapakuwa. Bibi alilalamikia mahali pale msimu mzima, na miaka baadaye, tukizungumza mambo mengine kabisa, alikuwa akishusha pumzi na kusema, "Mwaka ule wa nzi." Lakini kwa kuwa wateja hawakutufikia, siku za Jumamosi alinipa sinia la ming'oko nikalizungushe kwenye foleni. Mimi, mtoto niliyeogopa hata kujibu darasani, nikajifunza kupita katikati ya watu wazima, kusema shikamoo thelathini mfululizo, kuwajibu waliouliza kama ming'oko imeiva au imelazimishwa. Mzee mmoja alikuwa akininunulia kila wiki ili tu anisikie nikimtania kuhusu baiskeli yake. Nikirudi na sinia tupu, Bibi alikuwa akilitazama, akisema "mh", kisha ananisogezea bakuli la korosho changa zilizopikwa kwa nazi. Nilikula nimekaa kwenye ngazi ya karavani, miguu ikining'inia karibu na gurudumu la kushoto.

Maana lilikuwa langu tangu siku ile. "La kulia ni langu, la kushoto ni lako," Bibi alisema, na kila mwaka mabibo yakidondoka tulikaa kila mmoja upande wake, tukizungumza kupitia uvungu wa karavani bila kuonana. Mwaka uliofuata tuliondoka mapema mno hata mlinzi wa ghala hakuwa ameamka. Yule mama wa chapati alipofika alikuta Bibi amekaa kando ya mizani, anachambua mbaazi kwa utulivu wa mtu ambaye hakuwahi kuondoka pale. Tulivuka miaka mingi hivyo, mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni, na baadaye chuo, na magoti ya Bibi yakakataa kuchuchumaa.

Siku ya msiba wake jirani alifanya kazi ya mtani. Kilio kilikuwa kimezidi, mimi nimejikunja mkekani, ndipo tukamwona anatokea nyuma ya nyumba amejifunga ile kanga yenye matundu, spana kiunoni. Akaenda kwenye kila gari lililoleta waombolezaji, akachuchumaa kwa kuguna kama Bibi, akagusa gurudumu kwa mgongo wa mkono, akageuka na kutufokea kwa sauti yake hasa: "Nani kakaza hili? Nani kakaza?" Watu wakaanguka kwa kicheko huku machozi yanawatoka. Alipofika kwangu aliniinamia, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akatikisa kichwa. "Huyu naye amekazwa sana," akawatangazia watu wote.

Basi ndiyo hivyo, Jumamosi hii nilimkuta amekaa barazani kwake, amekonda, macho yamefifia. Nikampa shikamoo yake.

"Marahaba. Umekuja na wasiwasi wako?"

"Nimekuja nao, Babu."

"Uache hapo uani, kuku watakula."

Alinipa jeki yake na kopo la grisi lililobaki nusu. Nilipomwambia ninachotaka kufanya alikuna kidevu. "Ile nyumba haiendi popote, mjukuu wangu. Matairi yameoza."

"Najua."

"Haya. Vitumbua utanunua mwenyewe."

Karavani imekalia mawe siku hizi na matairi yake yamepasuka-pasuka kama visigino. Nilikaa upande wangu, nikang'oa kofia. Masharubu yalikuwapo. Niliziosha beringi kwa mafuta ya taa, nikazianika kwenye ungo, nikajizuia kuzizungusha. Upande wa pili wa uvungu niliona mwanga na miguu ya kuku, hakuna sauti. Mengine pia hayapo. Sheria ya mafiga imekwisha. Uwanja wa ghala umejengwa vibanda vilivyochorwa namba, na korosho, wananiambia, zinanunuliwa kwa mtandao na watu wasioonekana. Foleni ile ya kutwa nzima, wazee waliokula ming'oko yangu kwa utani na chumvi, sijui wako wapi. Mabibo ndiyo bado yananukia vilevile.

Nilichota grisi, nikaibandika kwenye kiganja, nikasukuma mpaka ikatokea upande wa pili. Nikarudisha kila kitu, nikakaza mpaka akatae, nikamrudishia pumzi. Kisha nikapandisha jeki kidogo gurudumu likawa huru, nikalisukuma, nikakaa kwenye ndoo ya jirani kulingoja. Nilikuwa na usaili keshokutwa, nguo ya kunyoosha, na maswali ambayo sikuwa nimeyajibu bado. Gurudumu lilizunguka kwa sauti ya kanga inayoburutwa sakafuni. Halikuwa na haraka. Nililiacha lizunguke mpaka lichoke lenyewe.

Liliposimama, niliweka mgongo wa mkono pale katikati. Lilikuwa baridi.